Uzi: Nilivyoijua Rioja, nchi ya mvinyo huko Hispania, nikihudumia hosteli ya mahujaji

Mgogo Ughaibuni:
Wakuu salaam. Kuna mdau aliuliza kwenye uzi wa safari kama mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukaa kwenye maeneo ya mvinyo huko Ulaya bila kukausha akiba yake. Nilimjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nafuatwa inbox na watu kibao. Sasa naliweka hapa lote. Nitashusha kwa vipande maana niko zamu, tuvumiliane.

Rioja iko kaskazini mwa Hispania, kwenye bonde la mto Ebro, na mji wake mkuu ni Logroño. Humo humo inapita njia ya miguu ya kwenda Santiago de Compostela, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Hujaji anavuka Ebro kwa daraja la mawe, anaingia Logroño, anapita Navarrete, Nájera na Santo Domingo de la Calzada, halafu anatokea Grañón, kijiji cha mwisho kabla ya mkoa wa Burgos. Kwa mwendo wa kawaida mkoa mzima anaumaliza kwa siku tatu hivi. Anaona mizabibu kulia na kushoto, anapiga picha, analala, anaondoka. Mhudumu wa hosteli yeye habanduki. Siku ya kwanza wanakijiji wanakutazama tu. Siku ya tatu mwenye duka la mikate anakuwekea mkate wako kabla hujafika. Baada ya hapo ndipo milango ya maghala inaanza kufunguka, na hayo ndiyo nataka kuyaeleza.

Utaratibu uko hivi. Shirikisho la vyama vya marafiki wa njia hiyo huko Hispania linapanga watu wa kujitolea kwenye hosteli nyingi ndogo. Sharti la kwanza, uwe umewahi kuitembea njia mwenyewe. La pili, upitie mafunzo mafupi. Zamu ni siku 15, na kwa kawaida wanapokezana tarehe 1 na tarehe 16. Hulipwi, na nauli ni yako. Unapata pa kulala na chakula. Hosteli za aina hiyo hazina bei ya kitanda: kuna kisanduku, kila mtu anaweka anachoweza. Ile ya parokia ya Grañón ni maarufu kwa kisanduku chake kinachokaa wazi, kimeandikwa kwamba acha unachoweza au chukua unachohitaji.

Mimi nilipangiwa kijiji kimoja kati ya Nájera na Santo Domingo, mwezi Septemba. Jina la kijiji naliacha, wenyewe ni wachache na wanajuana wote. Inaendelea.

Kasuku Mweupe:
Nimeweka kambi hapa. Shusha mkuu.

Fundi Bomba:
Yaani nauli yako, nguvu zako, unaosha vyoo vya wazungu bure, halafu unaita utalii. Mkuu hapo umepigwa mchana kweupe.

Mgogo Ughaibuni:
Fundi, vyoo nimeosha, sikatai. Lakini niliyekuwa naye zamu ni mama mstaafu kutoka Uholanzi, na yeye alikuwa anaosha vya kwake upande wa pili. Hakuna anayelipwa pale. Sadaka za leo ndizo zinanunua dengu za kesho, na hesabu tunaandika kwenye daftari. Nitakubaliana na wewe kwenye kitu kimoja: ukiona hosteli ya biashara, inatoza kitanda, inatoza chakula, halafu inatafuta "wa kujitolea" wa kupiga deki miezi mitatu, hiyo ikimbie. Huko ndiko watu wanakopigwa.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Saa mbili asubuhi hujaji wa mwisho awe ametoka. Hapo mnafungua madirisha, mnatoa blanketi nje, mnakagua magodoro. Kukagua siyo kupitisha macho. Unalala kifudifudi na tochi, unafuata mshono wa godoro kona hadi kona ukitafuta vidoa vyeusi vidogo, maana kunguni ndio adui namba moja wa njia nzima. Ndiyo sababu begi haliruhusiwi kupanda kitandani hata kama mwenyewe ni askofu. Baada ya magodoro ni deki, vyoo, jiko, duka. Saa saba mchana mlango unafunguliwa na wanaanza kuingia, wengine wanachechemea kwa malengelenge. Unampa maji, unaandika jina na pasipoti yake kwa ajili ya polisi kama nyumba yoyote ya wageni Hispania, unagonga muhuri kwenye kitabu chake cha hija, unamwonyesha kitanda. Jioni mnapika pamoja, mnakula meza moja, na saa nne usiku taa zinazimwa.

Kwa hiyo muda wangu wa kuijua Rioja ulikuwa ule wa kati ya deki na saa saba. Na siku ambazo mwenzangu alibaki peke yake nilipata asubuhi nzima mpaka alasiri. Muda mfupi ukikulazimisha, unaacha kukimbilia viwanda vyenye majengo ya kifahari. Sikwenda Elciego kuona ile hoteli ya Frank Gehry yenye mabati ya rangi yaliyojikunja, na wala sijutii. Nilianza na jirani.

Mama Chausiku:
Mwanangu unaandika vizuri, lakini tuambie huko kwa jirani ulikuta nini. Sisi wengine tunajua mvinyo wa kanisani tu.

Mgogo Ughaibuni:
Shikamoo mama, nakuja huko.

Jirani yetu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, ana vishamba vitatu vimetawanyika. Vijiji vya pande zile vina maghala yaliyochimbwa chini kwa chini, ndani ya kilima. Mlango wa mbao mfupi, unainama, unashuka ngazi za mawe, baridi inakupokea wakati nje jua linachoma. Kiangazi na kipupwe huko chini joto halibadiliki sana, na ndiyo maana walichimba. Ukutani kuna ukungu mweusi, na wenyewe hawaufuti. Mzee alikuwa na matangi mawili ya saruji, mapipa machache, na meza yenye chupa ya kioo yenye mdomo mrefu mwembamba inayoitwa porrón. Unainyanyua juu, mvinyo unashuka kwa uzi mwembamba moja kwa moja mdomoni bila midomo kugusa chupa, kisha unampasia mwenzako. Shati langu la kwanza halikupona.

Alichotunywesha hakikuwa ule mvinyo mwekundu mzito unaouzwa duniani kwa jina la Rioja. Kona ile ya bonde la mto Najerilla, kwenye vijiji kama Cordovín na Badarán, watu wanakunywa clarete. Wanachachusha zabibu nyekundu na nyeupe kwa pamoja, hasa Garnacha na Viura, na unatoka mvinyo wa rangi ya ganda la kitunguu, unanywewa baridi. Wanaunywa saa nne au saa tano asubuhi na mkate na soseji, baada ya kazi ya shamba, kisha wanarudi shambani. Mahujaji wanapita kilomita chache tu kutoka hapo na wengi wao hata hawajui kama kitu hicho kipo, kwa sababu mgahawa wa barabarani unawapa mwekundu wa bei ya chini uliojumlishwa kwenye chakula cha hujaji.

Siku nyingine tulikuta watoto wake wanachoma vipande vya mbavu za kondoo nje ya ghala. Kuni zake ni matawi makavu ya mzabibu yaliyokatwa wakati wa kupogolea. Yanawaka kwa kasi, yanaacha makaa madogo makali, na nyama inaiva dakika chache. Chumvi tu, hakuna kingine. Mama, hapo nilikumbuka nyumbani.

Shamba la Hombolo:
Mkuu mimi nina ekari mbili za zabibu huku Dodoma, sasa uniambie mambo ya shambani, hizo porrón baadaye. Wanavuna mara ngapi? Wanafunga waya? Hekta inatoa ngapi?

Mgogo Ughaibuni:
Karibu jirani, mimi wa Dodoma pia, zabibu nimeziona tangu mtoto. Tofauti kubwa hii hapa: sisi tunapogolea na kuvuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja tu. Kipupwe kinaangusha majani yote na mti unalala usingizi mpaka majira ya kuchipua. Mavuno ni Septemba hadi Oktoba, wenye mashamba ya juu karibu na milima wanachelewa zaidi.

Mashamba mapya yana waya. Yale ya zamani hayana: kila mti umesimama peke yake, mfupi, shina nene limepinda, matawi yameinuka pande zote. Hayo hayaingiliki kwa mashine, lazima mkono. Zabibu kuu ni Tempranillo, inayoiva mapema, ikifuatiwa kwa mbali na Garnacha, halafu Graciano na Mazuelo kidogo.

Sasa kuhusu kilo, hapa ushike kiti. Kanuni za eneo zinaweka kikomo cha kilo 6,500 kwa hekta kwa zabibu nyekundu na 9,000 kwa nyeupe. Siyo lengo, ni ukomo. Ukizidisha, huruhusiwi kuuuza kama Rioja. Kila mwaka bodi inaweza kushusha zaidi. Na mwaka 2023 soko lilikuwa baya kiasi kwamba wakulima walilipwa ruzuku waangushe vichala vikiwa bado vibichi, kwa sababu maghala yalikuwa yamejaa mvinyo usionunuliwa. Mzee jirani aliniambia haya akiwa anakata mkate, wala hakunyanyua uso. Mkulima mdogo kule naye anapeleka zabibu ushirika au kiwandani na kusubiri aambiwe bei.

Shamba la Hombolo:
Wanalipwa waangushe? Huku sisi tunaangusha bila kulipwa, mnunuzi asipotokea. Asante mkuu, hilo la kikomo nalipeleka kwenye kikundi chetu, najua litaleta ugomvi.

Kasuku Mweupe:
Na hivyo viwanda vikubwa hukwenda kabisa?

Mgogo Ughaibuni:
Nilikwenda Haro, kama kilomita 20 kutoka Santo Domingo, na nawashauri mtu akiwa na siku moja tu aitumie Haro. Reli ya kutoka Tudela kwenda Bilbao ilifika hapo miaka ya 1860. Muda si mrefu mdudu wa filoksera akateketeza mizabibu ya Ufaransa, wanunuzi wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta mvinyo, na viwanda vikajengwa vikibanana pembeni ya stesheni ili mapipa yapande treni moja kwa moja. López de Heredia wako hapo tangu 1877, CVNE tangu 1879. Unatoka kwa mmoja unaingia kwa mwingine kwa miguu. Pesa ilikuwa nyingi kiasi kwamba Haro ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo Hispania kuwasha taa za umeme mitaani, mwaka 1890. Mdudu naye akaja kudai chake: 1899 alifika Rioja, na ikabidi mizabibu ipandikizwe juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake inamhimili.

Kinachotofautisha Rioja ni muda ndani ya pipa. Angalia karatasi ndogo nyuma ya chupa. Kijani, hakuna sharti la pipa. Nyekundu ni Crianza, imekaa angalau miaka miwili, mmoja ukiwa kwenye pipa. Rangi ya damu ya mzee ni Reserva, miaka mitatu. Bluu ni Gran Reserva, miaka mitano, miwili kwenye pipa na miwili kwenye chupa angalau. Watu wanadhani bluu ni bora kuliko kijani. Bluu ni mzee kuliko kijani, basi. Clarete ya mzee jirani ingekaa pipani miaka mitano ingekuwa siki.

Logroño kuna Calle Laurel, uchochoro wa vibaa, kila kimoja na kitafunwa chake. Kuna mahali wanauza uyoga tu, vitatu juu ya kipande cha mkate na kamba mmoja. Nenda na njaa. Na Santo Domingo mle kanisani kuna kuku na jogoo hai weupe ndani ya kizimba ukutani, kwa ajili ya muujiza wa kijana hujaji aliyenyongwa kwa kusingiziwa wizi na akakutwa yu hai, na kuku wa kuchoma wa hakimu akafufuka mezani. Ndiyo, kuku hai. Niliwaona.

Bin Hamad:
Assalaam aleykum. Mimi Muislamu niko Muscat, natamani ile njia kwa ajili ya kutembea. Naweza kujitolea huko bila kuguswa na mvinyo?

Mgogo Ughaibuni:
Waaleykum salaam kaka. Unaweza. Wanaopita ni wa dini zote na wasio na dini, na hakuna atakayekulazimisha glasi, jagi la maji liko mezani. Shida yako itakuwa nguruwe. Dengu zao wanazipika na soseji ya nguruwe, viazi vya kienyeji vivyo hivyo. Lakini sufuria unaishika wewe. Sisi tulipika dengu bila nyama karibu kila siku kwa sababu ya wasiokula nyama, na hakuna aliyerudisha sahani.

Mama Chausiku:
Na ngozi yako mwanangu? Kijiji cha wazee wa kizungu, wewe mweusi peke yako. Sema ukweli.

Mgogo Ughaibuni:
Mama, sikuwa peke yangu. Hili nilikuwa nalisogeza mbele makusudi.

Septemba mizabibu ile inavunwa na watu wetu kwa wingi: Mali, Senegal, Moroko, pamoja na Wapakistani na Waromania. Mara ya kwanza nilipotembea peke yangu kati ya mistari ya mizabibu, gari la shamba lilisimama, dereva akashusha kioo na kuniuliza kama natafuta kazi na tuko wangapi. Hakuwa na ubaya. Ndivyo mtu mweusi wa Septemba anavyoeleweka pale. Nilipomwambia niko hosteli ya mahujaji alinitazama vizuri, kisha akacheka, kisha akanipa kichala.

Wavunaji niliwasogelea wakati wa mapumziko. Mmoja wa Mali alinionyesha kisu chao, kifupi, kimepinda, makali kwa ndani. Mkono wa kushoto unakamata kichala, wa kulia unavuta mara moja, kinaangukia kreti. Mgongo umeinama tangu jua linatoka, maana mizabibu ile ya zamani inafika kiunoni tu. Kifaransa chake na changu vyote vya kuokoteza lakini tulielewana. Analala wapi? Siku nyingine kwa mwenye shamba, siku nyingine anajua mwenyewe. Logroño kila msimu wa mavuno hufunguliwa malazi ya muda kwa ajili yao na hayatoshi, wengine wanalala bustanini.

Jioni moja kijana wa namna hiyo aligonga kwetu. Kanuni ya hosteli ni mahujaji tu, wenye kitabu chao. Tulimpa dengu, mkate, akaoga. Kitanda hapana.

Mama Chausiku:
Kwani vilikuwa vimejaa?

Mgogo Ughaibuni:
Havikujaa. Vinne vilikuwa wazi.

Mama wa Kiholanzi alisema tukifungua mlango, kesho watakuja kumi, na wenye mashamba ambao ni wajibu wao kuwapa malazi watapumua. Hoja hiyo naielewa. Kijana alilala kituo cha basi, na asubuhi niliposhuka kununua mkate nilimkuta anangoja gari la shamba pamoja na wenzake wawili. Hosteli hizi zimeanzia kwa watu kama Domingo wa karne ya 11, aliyejenga daraja na nyumba ya kupokea wasafiri mahali ambapo sasa ni mji wenye jina lake. Hakuwa anauliza kitabu, kwa ninavyojua. Nilimwandikia paroko barua fupi kuhusu vitanda vya Septemba. Alinijibu kwa upole kwamba uamuzi haukuwa wake peke yake.

Fundi Bomba:
Hapo sasa umeongea mkuu. Hiyo ndiyo Hispania ninayoijua, nilivuna stroberi kusini huko. Ungeanza na hiyo.

Mgogo Ughaibuni:
Ningeanza na hiyo wangesema nimekuja kulia. Mvinyo ule ni mtamu na watu wale ni wakarimu, na hayo nayo ni kweli.

Kasuku Mweupe:
Viza na mafunzo mkuu, tumalizie hapo. Lugha je?

Mgogo Ughaibuni:
Wenye pasipoti zetu za Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen, ile ya muda mfupi ni hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mimi nina kibali cha kuishi Ujerumani kwa hiyo nilipanda ndege hadi Bilbao, basi mpaka Logroño. Wewe unayetokea nyumbani, eleza ubalozini wazi wazi unachokwenda kufanya, kabla hujakata tiketi.

Mafunzo mengi ni kwa Kihispania, ila vyama vya Marekani na Kanada huendesha ya Kiingereza. Kihispania cha kusema vua viatu, choo kile pale, chakula saa moja, kinatosha kuanzia. Na kwanza utembee. Bila kutembea hawakuchukui, na wana haki, maana aliyewahi kufika hosteli na malengelenge haulizwi mara mbili kiti kiko wapi.

Unapoomba, unaweza kusema unapenda Septemba na unapenda Rioja, lakini kijiji wanapanga wao. Mwenzangu wa mafunzo aliomba mizabibu kama mimi, akapelekwa nyanda za Castilla. Ngano tupu, na imeshavunwa.